Mwanamume wa Chumba cha Nyuma

Mtaa wa Kanisa 14
Cwm Brithyll, Wales
11 Novemba 1996

Kwa wakili wa Kituo cha Msaada wa Sheria,

Mimi ni Eirlys Prosser, mjane wa miaka hamsini na nne. Sijawahi kumwandikia wakili, basi unisamehe kama nakosea adabu yake. Anwani yenu nimepewa na jirani yangu Beryl, anayesema watu wa hali yetu hamwatozi chochote.

Mume wangu Emrys aliangukiwa na mwamba mgodini miaka tisa iliyopita, na tangu hapo naishi kwa pensheni ya mjane. Pensheni hiyo hukatwa mjane akiolewa, au akikaa na mwanamume kama mtu na mumewe. Nalijua hilo, nililitilia sahihi. Sasa wameisimamisha. Juzi niliitwa ofisini kwao, nikatiwa katika chumba kisicho na dirisha pamoja na maofisa wawili, kijana wa kiume na mwanamke, kinasa sauti kinazunguka, nikaambiwa lolote nitakalosema laweza kutumika dhidi yangu mahakamani. Kumbe walikuwa wakikaa ndani ya gari mbele ya kanisa wakiipiga picha nyumba yangu!

Wakanionyesha picha. Gwilym Hopkin akitoka kwangu asubuhi. Gwilym akitoa pipa la taka. Mashati ya Gwilym kwenye kamba yangu.

"Nani huyu, Bi Prosser?"

"Rafiki wa marehemu mume wangu."

"Rafiki anayekutolea taka?"

"Kwani wewe za kwako hutolewa na adui?"

Kijana alicheka. Mwanamke hakucheka, akaandika kitu. Nadhani pale nilijiharibia.

Ukweli ni huu. Gwilym alichimba makaa ubavuni mwa Emrys. Hana mke wala mtoto. Ana nyumba yake ya kupanga ya halmashauri kule chini mtoni, lakini kuta zake hulia maji, na kifua chake kimeliwa na vumbi la makaa. Kwa hiyo kila majira ya baridi huja kulala kwangu, chumba cha nyuma. Mimi nalala cha mbele. Hakuna zaidi ya hapo. Wao wanasema nimeibia serikali na naweza kufungwa. Jumapili kanisani nilihisi benchi zima linaniangalia kisogo.

Nimekosa? Nifanye nini?

Eirlys Prosser

---

Kituo cha Msaada wa Sheria
Aberdâr
15 Novemba 1996

Bi Prosser mpendwa,

Adabu ya barua yako haina kasoro. Kesi yako nimeichukua, na hutalipa kitu.

La kwanza: usirudi kwenye kile chumba peke yako. Wakikuita, waambie una wakili, kisha funga mdomo. Hata mzaha usifanye, ingawa ule wa taka ulinichekesha.

La pili, ujue tunapigania nini. Watu hudhani sheria inauliza habari za kitanda tu. Inauliza habari za nyumba nzima: nani ananunua chakula, mfuko ni mmoja au kila mtu na wake, mnatunzana vipi, majirani wanawaonaje. Kulala chini ya paa moja hakumfanyi mtu kuwa mume, na wanaodai hivyo ndio wanaopaswa kuthibitisha. Tutakata rufaa. Tukishinda kwenye baraza la rufaa, sioni watakwenda na nini mahakamani.

La tatu, nalisisitiza: usimwondoe Bwana Hopkin kwa ajili ya kesi hii. Kifua chake kibovu ndiyo sababu yake ya kuwa kwako, na akihamishwa ghafla itaonekana tunaficha kitu. Akae, nasi tutasema kweli.

Njoo Jumanne tuzungumze. Ofisi iko juu ya duka la viatu.

Nerys Absalom, Wakili

---

Caergybi
1 Desemba 1996

Kwako Bibi Prosser, mshitakiwa hatari wa bonde zima,

Nimefika salama. Treni ilichukua nusu siku kuja huku kaskazini. Mpwa wangu Mair ana nyumba ya wageni wanaosubiri meli ya Ireland, na amenipa chumba cha juu karibu na bomba la maji ya moto. Kifua kinasema asante. Masikio hayasemi hivyo, maana lile bomba linakoroma kumshinda marehemu Emrys, na wewe unajua Emrys alivyokuwa.

Usijilaumu kwa ile asubuhi. Ulisema, "Gwilym, wakili ameagiza uondoke," huku umenipa mgongo unaosha sufuria, nikaona mabega yako yalivyo. Wakili akisema, ndiyo imekwisha, tungefanyaje? Bora nikoromewe na bomba huku kuliko wewe ufungwe kwa ajili ya mashati yangu.

Mair anauliza nitakaa mpaka lini. Nimemwambia mpaka kesi iishe. Nimesema sawa?

Vile vitunguu vya majani vya bustanini kwangu vichimbe kabla ya barafu kubwa. Mpe na Beryl.

Gwilym

---

Cwm Brithyll
9 Desemba 1996

Gwilym,

Vitunguu nimechimba. Beryl nimempa, ingawa moyo haukutaka. Mtu fulani ndiye aliyetuchongea kule ofisini, na Beryl ndiye aliyekuwa akisimama ukutani kila Jumatatu, siku ya kufua: "Mashati mawili leo, Eirlys! Hata mchungaji ameyahesabu!" Alipopokea vitunguu akalia. Nikamwuliza analia nini. Akasema nilikuwa na mtu wa kunichimbia bustani na sasa sina. Sijui kama ndivyo msaliti anavyolia. Nimeamua si yeye.

Wakili anasema utatakiwa kuandika maelezo na kuyatilia sahihi. Atakuandikia mwenyewe. Gwilym, nakuomba, uyaandike makavu. Andika kwamba ulikuwa ukilala kwangu kama mtu anavyolala nyumba ya wageni. Usiweke utani wako. Usiseme tulikuwa tukisikiliza redio pamoja, maana hilo sikulitaja kwenye maelezo yangu. Watu hawa wanaweza kuifanya redio kuwa harusi.

Nyumba imetulia sana. Ndivyo inavyotakiwa.

Eirlys

---

Kituo cha Msaada wa Sheria
Aberdâr
12 Desemba 1996

Bwana Hopkin mpendwa,

Ninamtetea Bi Eirlys Prosser. Naomba uniandikie kwa maneno yako mwenyewe: ulianza lini kulala kwake na kwa nini, chakula chako nani alinunua, nguo zako nani alifua. Hisia si lazima. Nahitaji yaliyotendeka tu.

Nasikitika kusikia umehama. Kama nilivyomweleza Bi Prosser kwa maandishi tangu mwanzo, haikuwa lazima uondoke, na kwa kesi ingekuwa afadhali ubaki. Lakini huo ni uamuzi wenu na nauheshimu. Baraza nitaliambia hivyo hivyo.

Je, unaweza kuja mwenyewe siku ya kusikilizwa? Nauli tutakurudishia.

Nerys Absalom

---

Caergybi
20 Desemba 1996

Eirlys,

Wakili wako ameniandikia. Ana mwandiko mzuri na anasema mambo wazi.

Maelezo nimeyaanza mara kadhaa. Mpaka kwenye chakula na kufua naenda vizuri. Nikifika kwenye swali la mimi na wewe ni nani, kalamu inasimama kama punda. Nataka nisiandike uongo. Mtu akishaapa ameapa.

Basi nakuuliza wewe, maana kazi ya kujibu ni yako na yangu pia. Kuna kitu kati yetu, Eirlys, au hakuna? Nijibu vile ilivyo. Nitaandika utakachosema.

Mair ananicheka, anasema mzee mzima ninatafuna kalamu kama mtoto wa shule. Krismasi njema.

Gwilym

---

Cwm Brithyll
23 Desemba 1996

Gwilym,

Hakuna, na hakujawahi kuwepo. Andika hivyo.

E. Prosser

---

Cwm Brithyll
14 Januari 1997

Bi Absalom mpendwa,

Uliniambia niandike mambo ambayo mke hufanya na mimi sikuyafanya. Nilidhani itakuwa kazi ngumu, lakini yamekuja yenyewe.

Siijui siku aliyozaliwa Gwilym. Sijawahi kumfulia shuka. Alifua mwenyewe kwenye beseni, na mashati yalianikwa kwenye kamba yangu kwa sababu kwake hayakauki. Chakula chake alinunua mwenyewe na kukiweka rafu yake. Nilipopika supu alikula, lakini siku ya pili alileta nyama. Hakuna picha yake nyumbani kwangu. Majira yote matatu ya baridi hakuwahi kukalia kiti cha Emrys karibu na moto. Mara ya kwanza alipotaka kukikalia nilimwambia, "Hicho cha mwenyewe," akaenda kukaa kwenye kigoda karibu na mlango. Hakurudia.

Chai yake sijui anaweka sukari kiasi gani, maana alijitengenezea.

Mwaka juzi alilazwa kwa kifua, karibu afe. Aliandika jina langu hospitalini kama mtu wake wa karibu, na wapelelezi wanalo hilo. Lakini mimi sikwenda kumwona. Niliogopa watu wa kanisani wangesema. Nilimtuma Beryl na machungwa.

Sijui kama hili la mwisho linafaa.

Eirlys Prosser

---

Kituo cha Msaada wa Sheria
Aberdâr
17 Januari 1997

Bi Prosser mpendwa,

Linafaa kuliko yote. Hakuna mtu atakayeamini kwamba mke anaacha kwenda kumwona mumewe mahututi. Nitaanza nalo.

Baraza linaketi tarehe 26 Februari asubuhi. Bwana Hopkin amekubali kuja. Atakuwepo chumbani wakati unatoa ushahidi wako. Ukiulizwa, mtazame mwenyekiti, sema polepole, usipunguze wala usiongeze.

Nerys Absalom

---

Cwm Brithyll
27 Februari 1997

Gwilym,

Umekwenda wapi? Nilitoka na Bi Absalom, akanipongeza pale ngazini, nikageuka, hupo. Beryl alikuwa amekaa kwenye benchi na mkate wa matunda aliouoka kwa ajili yetu sote. Akasema umepita mbele yake umevaa kofia, ukasema, "Nawahi treni, Beryl, mtunze huyo." Tukaula mkate bila wewe.

Tumeshinda, kama ulivyosikia. Pensheni inarudi, na Bi Absalom anasema mahakamani hawatanipeleka. Nilidhani siku hii nikitoka mle ndani nitaimba.

Nimekaa tangu jana nakisikia kile chumba. Mwenyekiti, yule mzee mwenye mafua, aliponiuliza kuhusu hospitali, nilimjibu vizuri kama nilivyofundishwa: sikwenda, bwana, nilituma machungwa. Nikakuona kwa pembe ya jicho umeinamia kofia yako. Ulikuwa hujui kwa nini sikuja, siyo? Beryl alikuwa amekwambia naumwa mguu. Nilimwambia aseme hivyo.

Kisha wewe ukaitwa. Akakuuliza, "Bwana Hopkin, wewe ulimwona Bi Prosser kama mke wako?" Nawe ukasimama, ingawa alikwambia unaweza kukaa, ukasema, "Nilimwuliza kama kuna kitu kati yetu, bwana. Alinijibu hakuna. Mimi si mtu wa kumwuliza mwanamke mara mbili." Mwenyekiti akaweka kalamu chini. Hata yule mwanamke wa ofisi yao akatazama meza.

Gwilym, sikujua kwamba ulikuwa unaniuliza. Nakuapia. Nilidhani unauliza kwa ajili ya maelezo. Nilikuwa na hofu, niliona wale watu wa gari hata kwenye sanduku la posta, nikaandika barua ya kusomwa na wao. Ukaisoma wewe.

Na kuna jingine, ambalo nadhani umeshalijua. Wakili hakuagiza uondoke. Alisema ukae. Mimi ndiye niliyetaka uondoke, kwa sababu kila ulipopita dirishani nilisikia kamera. Sikuweza kukuambia machoni, ndiyo maana nilikuwa naosha ile sufuria. Ilikuwa safi.

Rudi. Barafu bado haijaisha, na ile nyumba yako itakuua. Wakisema tena nikatwe pensheni, na waikate. Nitafanya usafi shuleni kama zamani. Kalia kiti unachotaka.

Eirlys

---

Caergybi
10 Machi 1997

Eirlys,

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikatoka kutembea mpaka kwenye mnara wa taa, nikarudi nikaisoma tena. Si kazi ndogo kwa mapafu haya.

La kuondoka nililijua tangu Desemba. Wakili wako aliniambia bila kujua ananiambia. Sikukukasirikia. Mtu mwenye hofu hurusha kilicho karibu, na mimi ndiye niliyekuwa karibu. La mguu mbaya nililiamini mwaka mzima. Nilikuwa nakuuliza kila mara, "Mguu vipi?" nawe ukajibu, "Unaendelea." Sasa nikikumbuka hilo nacheka peke yangu, lakini si kicheko kizuri.

Na ile barua yako ya Krismasi ningeweza kuisamehe pia. Nakujua. Ungeweza kuandika kitu kwa kuwahofia wapelelezi.

Kilichonishinda ni siku ile ya baraza. Nilikaa pale nikakusikia ukisema kila kitu, polepole, kiti, rafu, shuka, machungwa, na nilikuwa nasubiri mahali utakapodanganya. Hukudanganya hata mara moja. Yote yalikuwa kweli. Eirlys, ningekusikia ukiongeza uongo mmoja tu ili ushinde, ningepanda basi moja na wewe kurudi nyumbani. Lakini ulihitaji kusema kweli tu, na kweli ikatosha.

Sikulaumu. Sikuwahi kuomba zaidi. Nilikuwa nafikiri mtu akikaa karibu na mlango kwa adabu, siku moja ataambiwa asogee. Mimi nami ningeweza kusogea bila kuambiwa. Kosa ni la wawili.

Mair ananihitaji hapa. Nawashia wageni moto asubuhi, nawadanganya kwamba bahari imetulia. Nyumba ya mtoni nimewaandikia halmashauri waichukue. Sitarudi.

Furahi umeshinda. Ni haki yako, hukuiba kitu.

Gwilym

---

Cwm Brithyll
21 Machi 1997

Bi Absalom mpendwa,

Pensheni imefika, pamoja na ile waliyoizuia. Nakushukuru, na Beryl amekuokea mkate, nitauleta. Kumbe hakuna aliyewahi kutuchongea. Kijana wa ofisi yao alinieleza mlangoni siku ile ya baraza: hospitali iliwaandikia kuhusu matibabu ya Gwilym, na kwenye nafasi ya mtu wa karibu palikuwa na jina langu. Basi. Na mimi nilikuwa nimemkatia Beryl salamu wiki mbili nzima.

Nina swali la mwisho la sheria, nataka unijibu kama wakili. Kama kuna mwanamume anayeishi Caergybi, na hataki kurudi, na mjane anataka kupanda treni mara moja moja kwenda kumwona, je, mjane huyo anapaswa kuiarifu ofisi? Sitaki tena kukosea kwa kutojua.

Eirlys Prosser

---

Kituo cha Msaada wa Sheria
Aberdâr
25 Machi 1997

Bi Prosser mpendwa,

Nakujibu kama wakili. Sheria inauliza mtu anaishi vipi na nani, haimwulizi anakwenda kumjulia hali nani. Mjane huyo hapaswi kumwarifu mtu yeyote.

Isipokuwa huyo mwanamume.

Niruhusu neno moja lisilo la sheria. Nilikuambia lile la hospitali linafaa kuliko yote, na niliandika hivyo kwa furaha. Nimeshinda kesi nyingi kama yako kwa njia hiyo. Ile yako imenikalia vibaya. Sikumwangalia aliyekuwa amekaa nyuma yangu.

Nerys Absalom

---

Caergybi
4 Aprili 1997

Eirlys,

Kadi yako nimeipata. Jumamosi ya tarehe 12 ni sawa, Mair hana wageni wengi siku hiyo.

Njoo. Usilete chakula, hapa tunakula vizuri. Upepo wa huku si wa bondeni kwetu, funga kitambaa kichwani. Nitakuonyesha mnara wa taa, tutakwenda taratibu, wewe utajifanya unatazama ndege kila nitakapohitaji kupumzika.

Ila usije kunirudisha. Nakuambia mapema ili usibebe safari yote neno ambalo sitalijibu. Tutakaa, tutazungumza, tukikosa la kusema tutanyamaza, kama tulivyokuwa tukifanya kwako.

Treni ya kurudi inaondoka saa kumi jioni. Nitakusindikiza mpaka stesheni, kama anavyosindikizwa mgeni wa heshima, na nitasimama mpaka iondoke.

Gwilym